George Westinghouse, mtu aliyeupa umeme safari ndefu

Ukiuliza ni nani aliyeleta umeme majumbani, wengi watakujibu Thomas Edison, yule wa balbu. Wengine watamtaja Nikola Tesla. Ni wachache watakaomtaja George Westinghouse, Mmarekani aliyefariki mwaka 1914. Lakini ukifuata waya unaoingia nyumbani kwako, ukapita nguzo ya mtaani, ukapita transfoma, ukafika kwenye minara mikubwa ya chuma inayokatiza mapori, unatembea juu ya njia ambayo huyu bwana aliipigania kwa fedha zake na jina lake, na nusura imfilisi.

Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: umeme unazalishwa bwawani, mamia ya kilomita kutoka mjini, je, unafikaje mpaka kwenye taa ya sebuleni bila kuishia njiani? Tumeona njia nzuri ya kulijibu ni kusimulia maisha ya mtu huyu, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo lililokuwa kazi yake.

Kijana wa karakana

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi mwenye karakana ya kutengeneza zana za kilimo, na familia ilipohamia mji wa Schenectady, kijana huyu alikulia katikati ya vyuma, mikanda na injini za mvuke. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alijiunga na upande wa Kaskazini, kwanza jeshi la nchi kavu, kisha jeshi la majini akiwa fundi wa mitambo.

Mwaka 1865 alirudi nyumbani na kupata hataza yake ya kwanza, ya injini ya mvuke, akiwa na umri wa miaka 19. Aliingia chuoni, akakaa kwa miezi michache tu, akarudi karakanani. Katika maisha yake yote alikuja kupata hataza zaidi ya 300.

Kilichomtajirisha kwanza hakikuwa umeme, bali breki. Wakati ule treni ilisimamishwa kwa mikono. Dereva akipiga honi, vibarua walipanda juu ya paa za mabehewa na kuzungusha gurudumu la breki la behewa moja baada ya jingine, treni ikiwa inakwenda. Wengi walianguka na kufa, na treni nyingi ziligongana kwa sababu hazikuweza kusimama kwa wakati. Mwaka 1869 Westinghouse alipata hataza ya breki inayotumia hewa iliyoshindiliwa, ambayo dereva aliiendesha mwenyewe kutoka kwenye injini. Miaka michache baadaye akaiboresha ili bomba likipasuka au upepo ukikatika, breki zijifunge zenyewe. Madereva wetu wa malori wanaijua vizuri tabia hiyo: upepo ukiisha, gari haliondoki. Mwaka 1893 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulazimisha breki za namna hiyo kwenye treni.

Kwa hiyo mtu tunayemzungumzia aliingia kwenye umeme akiwa tayari tajiri, mwenye viwanda mjini Pittsburgh, na mwenye sifa ya kuokoa maisha ya watu. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuwekwa rehani.

Somo kutoka kwenye gesi

Mwaka 1884 Westinghouse alichimba kisima cha gesi asilia kwenye uwanja wa nyumba yake mjini Pittsburgh. Gesi ilipatikana, tena nyingi, ikafumuka kwa kishindo. Tatizo likawa namna ya kuifikisha kwenye nyumba za watu. Gesi inayosafirishwa kwa nguvu ndogo haifiki mbali, labda utumie mabomba makubwa ya gharama kubwa. Gesi inayosafirishwa kwa nguvu kubwa inafika mbali, lakini ikiingia jikoni na nguvu hiyo italipua nyumba.

Suluhisho lake lilikuwa kuisukuma gesi kwa nguvu kubwa kwenye mabomba membamba kwa sehemu ndefu ya safari, kisha kuipitisha kwenye mabomba mapana zaidi karibu na wateja ili nguvu ipungue kabla haijaingia ndani. Ndani ya miaka michache alipata hataza zaidi ya 30 zinazohusu gesi.

Tumeitaja habari hii ya gesi kwa sababu umeme unasafirishwa kwa kanuni inayofanana nayo. Hata lugha yetu inatusaidia hapa: mafundi wanapozungumzia volti za njia kuu ya umeme husema msongo, yaani nguvu inayousukuma umeme kwenye waya.

Kwa nini umeme wa Edison haukufika mbali

Septemba 1882 Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, jijini New York. Kilikuwa kituo cha kuuza umeme, chenye mitambo ya mvuke iliyokula makaa ya mawe, na kilitoa umeme wa takriban volti 110. Umeme huo ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka, kama ule wa betri ya tochi au ya gari.

Taa ziliwaka vizuri, lakini kwa wale tu waliokuwa karibu. Ukivuka kilomita moja na nusu hivi kutoka kituoni, taa zilififia. Ili kuuangazia mji mzima ilibidi kujenga kituo kila baada ya mitaa michache. Na mtu wa kijijini, ambako wateja wametawanyika, asingeona faida ya jambo hilo kabisa. Maporomoko ya maji yaliyo mbali na mji nayo yasingekuwa na kazi, kwa sababu umeme wake ungeishia njiani.

Sababu ni hii. Waya wowote una ukinzani, na mkondo ukipita humo sehemu ya umeme inageuka kuwa joto. Joto hilo ni hasara. Tuchukue mfano: unataka kupeleka wati 10,000. Ukitumia msongo wa volti 100, waya lazima ubebe mkondo wa ampea 100. Ukipandisha msongo hadi volti 1,000, ampea 10 zinatosha kubeba umeme uleule. Na hasara kwenye waya haipungui sawa na mkondo, inapungua zaidi: mkondo ukishuka mara 10, hasara kwenye waya uleule inashuka mara 100. Kwa hiyo anayetaka kufika mbali apandishe msongo. Lakini volti 1,000 huwezi kuziingiza kwenye nyumba ya mtu. Lazima zishushwe mlangoni, kama ile gesi ya Pittsburgh.

Kifaa cha kupandisha na kushusha

Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni transfoma. Ndani yake mna waya mbili zilizosokotwa kwenye chuma kimoja bila kugusana. Mkondo ukipita kwenye waya wa kwanza unafanya chuma kiwe sumaku, na sumaku hiyo ikibadilika inaamsha umeme kwenye waya wa pili. Kama waya wa pili una mizunguko mingi, msongo unapanda. Kama una mizunguko michache, msongo unashuka.

Sharti ni moja: sumaku lazima ibadilike muda wote. Umeme wa mkondo mnyoofu haugeuki, kwa hiyo transfoma haiufanyii kitu. Unahitajika umeme wa mkondo geu, ule unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde. Umeme wa nyumbani kwetu Afrika Mashariki hufanya hivyo mara 50 kila sekunde.

Westinghouse hakuvumbua transfoma. Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs walikuwa wameonyesha kifaa chao barani Ulaya, na mwaka 1884 kilitumika kwenye maonyesho ya Turin, Italia, kupeleka umeme umbali wa zaidi ya kilomita 30. Wahandisi wa Hungaria nao walitengeneza transfoma bora zaidi mwaka 1885. Gaulard alipoteza haki za uvumbuzi wake mahakamani, akapatwa na maradhi ya akili, na akafariki mwaka 1888 akiwa hospitalini Paris.

Alichofanya Westinghouse ni kuona thamani ya kifaa ambacho wengi walikipuuza. Aliagiza transfoma za Gaulard na Gibbs kutoka Ulaya, akamkabidhi mhandisi William Stanley azifanyie marekebisho. Machi 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, Stanley alisafirisha umeme wa volti 500 kutoka kwenye karakana yake hadi katikati ya mji, kisha akaushusha hadi volti 100 na kuwasha taa za maduka na ofisi. Mwezi Novemba mwaka huohuo kampuni mpya ya umeme ya Westinghouse iliwasha mfumo wake wa kwanza wa biashara mjini Buffalo.

Kilichokosekana kilikuwa injini. Mkondo geu uliwasha taa, lakini hapakuwa na mota nzuri ya kuendeshea mashine viwandani. Mwaka 1888 Nikola Tesla, mhamiaji kutoka eneo ambalo leo ni Kroatia, alipata hataza za mota ya mkondo geu. Westinghouse alizinunua haraka, kwa fedha taslimu, hisa, na ahadi ya malipo kwa kila nguvu ya farasi itakayouzwa.

Vita vya mikondo

Edison na kampuni yake walikuwa wamewekeza kila kitu kwenye mkondo mnyoofu. Walianza kuuonya umma kwamba msongo mkubwa unaua. Kwa haki, hawakuwa wakisema uongo. Waya za msongo mkubwa zilining'inia ovyo juu ya mitaa ya New York, na Oktoba 1889 fundi mmoja wa nyaya alikufa akiwa juu ya nguzo, mbele ya umati uliojaa barabarani saa za mchana. Watu walishikwa na hofu.

Lakini hofu hiyo iligeuzwa kuwa silaha ya biashara. Mhandisi aliyeitwa Harold Brown, akisaidiwa na upande wa Edison, aliwaua mbwa kwa mkondo geu mbele ya watazamaji ili kuonyesha ubaya wake. Kisha jimbo la New York lilipoamua kuwanyonga wahalifu kwa kiti cha umeme badala ya kamba, Brown alifanya mbinu jenereta za Westinghouse zipatikane kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mwenyewe alikataa kuziuza kwa kazi hiyo. Agosti 1890 mfungwa wa kwanza aliuawa katika gereza la Auburn. Mshtuko wa kwanza haukummaliza, ikabidi wamrudie. Magazeti yaliandika habari hiyo kwa wiki kadhaa. Mtu aliyejulikana kwa breki zinazookoa watu, sasa jina lake lilihusishwa na kiti cha kuulia.

Mwaka huohuo ukaja mtikisiko wa fedha. Benki zikabana mikopo, na kampuni ya Westinghouse ilikuwa na madeni makubwa. Aliwaendea mabenki wa Pittsburgh, lakini walitaka kuwa na sauti katika uendeshaji wa kampuni, naye akakataa. Akaenda New York, na mwaka 1891 kampuni ikapangwa upya na ikapona. Katika dhiki hiyo ile ahadi ya malipo kwa Tesla iliachwa, na baadaye, mwaka 1897, kampuni ilizinunua hataza zake moja kwa moja kwa dola 216,000. Mfumo uliowatajirisha wengi haukumtajirisha Tesla, aliyefariki mwaka 1943 akiwa hana kitu.

Chicago na Niagara

Ushahidi wa kazi ulianza kushinda maneno. Mwaka 1891 mitambo ya Westinghouse ilipeleka umeme wa volti 3,000 kwenye mgodi wa dhahabu milimani Colorado, umbali wa kilomita 4 hivi, mahali ambapo kubeba kuni na makaa kulikuwa mateso. Mwaka huohuo nchini Ujerumani, wahandisi wengine walisafirisha umeme kilomita 175 kutoka Lauffen hadi Frankfurt. Umbali haukuwa kikwazo tena.

Mwaka 1893 jiji la Chicago liliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Westinghouse alipata zabuni ya kuyaangaza kwa dola 399,000, bei iliyokuwa chini sana kuliko ya washindani wake wa General Electric, kampuni iliyozaliwa mwaka mmoja kabla kwa kuunganisha ile ya Edison na nyingine. Washindani walikuwa na hataza ya balbu ya Edison, na mahakama ilikuwa imewapa haki. Westinghouse akabuni balbu ya muundo tofauti, ya vipande viwili, akatengeneza takriban 250,000 ndani ya miezi michache. Maonyesho yalipofunguliwa mwezi Mei, taa ziliwaka. Watu waliokuwa wameambiwa kwamba umeme huu ni kifo walitembea chini ya taa hizo usiku kucha bila kudhurika.

Oktoba mwaka huohuo alipewa kandarasi ya jenereta za maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada. Zilikuwa jenereta 3, kila moja ya nguvu za farasi 5,000, kubwa kuliko zilizozoeleka wakati ule. Mwanafizikia Lord Kelvin, aliyeongoza jopo la washauri wa mradi, mwanzoni alipendelea mkondo mnyoofu, kisha akabadili msimamo. Umeme wa kwanza ulitoka mwaka 1895 ukaenda kwenye kiwanda cha alumini kilicho jirani. Usiku wa tarehe 16 Novemba 1896 ulifika mjini Buffalo, takriban kilomita 40, ukiwa na msongo wa volti 11,000, na ukaanza kuendesha tramu za mji huo. Njia ya kuusafirisha ilijengwa na General Electric, warithi wa kampuni ya Edison, ambao sasa nao walikuwa wakitumia mkondo geu.

Mwisho wake

Westinghouse aliendelea kupanua viwanda vyake kwa kukopa. Anasifiwa kuwa miongoni mwa waajiri wa kwanza Marekani kuwapa wafanyakazi mapumziko ya nusu siku Jumamosi. Lakini mtikisiko mwingine wa fedha wa mwaka 1907 ulimkuta na madeni, na safari hii hakupona. Kampuni ya umeme iliwekwa chini ya wasimamizi, na kufikia mwaka 1911 alikuwa ameachana kabisa na kampuni iliyobeba jina lake.

Karibu na wakati huohuo, wahandisi wa umeme wa Marekani walimpa tuzo kwa mchango wake katika kuendeleza mkondo geu. Tuzo hiyo inaitwa Nishani ya Edison. Alifariki jijini New York tarehe 12 Machi 1914, akiwa na umri wa miaka 67. Mkewe, Marguerite, alimfuata miezi 3 baadaye, na wote wamezikwa katika makaburi ya Arlington.

Waya wake mpaka kwako

Sasa turudi kwenye lile swali. Bwawa la Kidatu mkoani Morogoro linapozalisha umeme, transfoma za pale pale huupandisha hadi msongo wa kilovolti 220 ili usafiri kwenda Dar es Salaam. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, hupandishwa hadi kilovolti 400 kuelekea Chalinze. Ukikaribia mji unaingia kwenye vile vituo tunavyoviita vya kupoza umeme, ambako msongo hushushwa kwa hatua hadi kilovolti 33 au 11. Transfoma ya mtaani inamalizia kazi kwa kuushusha hadi volti 230, na huo ndio unaoingia kwenye mita ya LUKU. Hatua zote hizo ni zile za Great Barrington, zilizokuzwa.

Wazo la Edison nalo halikufa. Njia kubwa kutoka Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, husafirisha mkondo mnyoofu kwa msongo wa kilovolti 500, kwa sababu kwa umbali huo hasara inakuwa ndogo zaidi. Lakini hata huko, umeme huanza na kumalizia safari kama mkondo geu, na transfoma ndizo zinazoupandisha na kuushusha kwenye ncha zote mbili.

Na lile onyo la upande wa Edison bado lina ukweli wake. Msongo mkubwa unaua. Unapona waya umeanguka, usiusogelee hata kama unaonekana umezimika, wala usimruhusu mtoto kupanda nguzo au kucheza chini ya transfoma. Umeme wa pale juu bado haujapozwa.